Kaluta Amri Abedi

Sheikh Kaluta Amri Abedi (Ujiji, Kigoma, 1924 – Bonn, Ujerumani Magharibi, 9 Oktoba 1964) alikuwa mshairi, mwanachuoni wa Kiislamu wa Jumuiya ya Ahmadiyya na mwanasiasa wa Tanganyika, baadaye Tanzania. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha akawa Waziri wa Sheria. Wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri kilichotoka mwaka 1954. Watu wengi zaidi wanalijua jina lake kutokana na uwanja wa michezo wa Arusha unaoitwa Sheikh Amri Abeid. Katika uwanja huo ulichezwa mwaka 2011 mchezo wa Global Kilimanjaro Bowl, mara ya kwanza kwa timu ya chuo cha Marekani kucheza mpira wa Kimarekani barani Afrika.

Jina lake la ukoo huandikwa kwa namna mbili. Kwenye vitabu vyake ni Abedi. Kwenye uwanja ni Abeid. Makala hii inafuata namna aliyoitumia mwenyewe.

Utoto na elimu

Amri Abedi alizaliwa Ujiji, mji wa kale kando ya Ziwa Tanganyika uliokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani. Misafara hiyo ilileta Uislamu na Kiswahili hadi ziwani, kiasi kwamba mtoto wa Ujiji wa miaka ya 1920 alikua akisikia Kiswahili mtaani ingawa bahari ilikuwa mbali zaidi ya kilomita elfu moja. Hili lina maana kwa maisha yake ya baadaye. Wapo waliodhani kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja peke yake, lakini mtu aliyekuja kuandika sheria zake alitoka bara, upande wa pili kabisa wa nchi. Mshairi mwingine mashuhuri wa kizazi chake, Saadani Kandoro, alikuwa pia mwana wa Kigoma.

Alisoma katika Shule ya Serikali ya Tabora, shule ileile aliyosoma Julius Nyerere. Wakati huo Tabora ilikuwa shule ya vijana wachache waliochaguliwa kutoka nchi nzima, na wengi wao walikuja kushika madaraka baada ya uhuru.

Ahmadiyya na tafsiri ya Kurani

Tabora ndiko misheni ya Ahmadiyya ilikojenga makao yake ya mwanzo katika Tanganyika, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1934 kutoka Bara Hindi. Amri Abedi alijiunga na jumuiya hiyo akiwa kijana, akawa mmoja wa Waafrika wa kwanza kuwa mubalighi wake katika eneo hili. Haikuwa njia nyepesi. Waislamu wengi wa Kisuni hawakuikubali Ahmadiyya, na mabishano kati ya pande hizo mbili yalikuwa makali.

Kazi kubwa ya misheni ilikuwa kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Tafsiri iliyokuwapo ilikuwa ya padri Mwanglikana, Godfrey Dale, ya mwaka 1923. Kurani Tukufu ya Sheikh Mubarak Ahmad ilitoka mwaka 1953, na Amri Abedi alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuisawazisha lugha yake. Ilizua ubishi mkubwa, na baadaye Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar alitoa Qurani Takatifu (1969) kwa mtazamo wa Kisuni. Katikati ya miaka ya 1950 Amri Abedi alikwenda Rabwah, Pakistan, yalipokuwa makao ya Ahmadiyya, kuongeza elimu yake ya dini.

Mshairi na sheria za ushairi

Mwaka mmoja baada ya Kurani Tukufu kilitoka kitabu chake mwenyewe. Kina sehemu mbili kama jina linavyosema: kwanza maelezo ya namna ya kutunga, kisha diwani, yaani mkusanyo wa mashairi yake.

Washairi wa Kiswahili walikuwa wametunga kwa karne nyingi bila kitabu cha namna hii. Mtu alijifunza kwa kusikiliza, kuimba na kukosolewa na waliomtangulia. Kufikia miaka ya 1940 na 1950 hali ilikuwa imebadilika. Gazeti la Mambo Leo lilikuwa likichapisha mashairi ya watu wa kila pembe ya nchi, wengi wao wakiwa hawana mwalimu wa karibu, na majibizano ya washairi yalisafiri kwa posta. Mtungaji wa Songea au Bukoba alihitaji kujua kwa nini shairi lake limekataliwa. Amri Abedi alimwandikia mtu huyo.

Kanuni alizozieleza ndizo zinazofundishwa sekondari hadi leo. Shairi la kawaida lina beti zenye mistari minne. Kila mstari una mizani 16, na mizani ni silabi inayotamkwa; mstari hukatika katikati na kuwa vipande viwili vya mizani nane nane. Kila kipande kina kina chake, na vina hivyo hulingana ubeti mzima isipokuwa pengine katika mstari wa mwisho, ambao ni kituo. Juu ya yote hayo aliweka sharti kwamba shairi lazima liweze kuimbwa. Kwake yeye hesabu ya mizani haikuwa pambo. Ilikuwa ndiyo inayomwezesha mwimbaji kupumua mahali panapostahili.

Sharti hilo ndilo lililoleta ugomvi, naye akiwa ameshafariki. Katika miaka ya 1970 vijana wa vyuo vikuu, akiwemo Euphrase Kezilahabi aliyetoa Kichomi mwaka 1974, walianza kuandika mashairi yasiyofuata vina na mizani. Waliowapinga walikishika kitabu cha Amri Abedi kama hati ya mashtaka, na waliowatetea walikisoma kama minyororo. Pande zote mbili zilikichukulia kwa ukali kuliko kilivyokusudiwa. Kiliandikwa ili kumsaidia anayeanza. Hata hivyo, ni vitabu vichache vya Kiswahili vilivyobishaniwa kwa muda mrefu namna hiyo, na mwanafunzi anayetaka kuelewa mgogoro wa ushairi wa jadi na ushairi huru hana budi kuanzia hapo.

Meya na waziri

Amri Abedi aliingia katika siasa kupitia TANU. Mwaka 1960 alichaguliwa kuwa meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Alikuwa meya uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, na mwezi huohuo mji ulipewa hadhi ya jiji.

Mwaka 1963 alichukua Wizara ya Sheria baada ya Chifu Abdallah Fundikira kujiuzulu. Hapa kazi yake ya lugha na kazi yake ya serikali zilikutana, na ni sehemu ya maisha yake ambayo haijaelezwa vya kutosha.

Wakati wa ukoloni kulikuwa na mahakama za aina mbili. Mahakama za wenyeji zilikuwa chini ya machifu na maliwali, nazo zilifuata mila. Mahakama nyingine zilikuwa za Kiingereza, kwa lugha na kwa utaratibu. Mwaka 1963 vyeo vya machifu viliondolewa kisheria, na mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyounganisha mahakama hizo kuwa mfumo mmoja wenye mahakama ya mwanzo chini, kisha ya wilaya, hadi Mahakama Kuu.

Ili kuona uzito wa badiliko hilo inafaa kutazama wilaya mbili jirani za mkoa wa Tanga, yaani Handeni na Korogwe. Handeni ilikuwa nchi ya Wazigua, wakulima na wafugaji, ambako kesi ya mpaka wa shamba au ya mahari ilisikilizwa na wazee waliojua mila na koo zote. Korogwe ilikuwa na Wasambaa, Wazigua na Wabondei, lakini pia ilikuwa na mashamba makubwa ya mkonge. Mashamba hayo yaliwakusanya vibarua kutoka mbali, wale walioitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba: Waha wa Kigoma kwao Sheikh, watu wa Ruanda-Urundi, wa Msumbiji, wa Nyanda za Juu za Kusini. Mha aliyedhulumiwa Korogwe hakuwa na chifu wake pale, wala hakujua mila za wenyeji, wala Kiingereza. Lugha aliyoshirikiana na jirani yake kambini ilikuwa Kiswahili. Mahakama ya mwanzo inayoendesha kesi kwa Kiswahili, kwa raia yeyote bila kuuliza kabila, ilikuwa mlango ambao mtu wa namna hiyo angeweza kuingia.

Lakini sheria yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, na maneno mengi ya kisheria hayakuwa na mwenzake katika Kiswahili, au yalikuwa na wenzake wengi mno, kila hakimu akitumia lake. Akiwa waziri, Amri Abedi alihimiza kazi ya kutafuta na kusanifisha istilahi za sheria. Ilifanywa kwa kushirikiana na Kitivo cha Sheria cha chuo kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa kimefunguliwa mwaka 1961. Mtu aliyezoea kupima neno kwa mizani na kina sasa alilipima kwa swali jingine: je, mshtakiwa atalielewa?

Nia ya kuifanya lugha ya mahakama zote iwe Kiswahili ilichukua muda mrefu kutimia. Mahakama za mwanzo zilikitumia tangu mwanzo, lakini Mahakama Kuu iliendelea kuandika hukumu kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama za Tanzania kwa ujumla.

Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar mwezi Aprili 1964 alihamishiwa wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii na utamaduni wa taifa. Hakuishi kuifanyia kazi kwa muda mrefu. Alifariki akiwa Bonn, Ujerumani Magharibi, tarehe 9 Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Uwanja wa Arusha

Uwanja uliopewa jina lake uko katikati ya mji wa Arusha, jirani na stendi ya zamani ya mabasi. Kwa miaka mingi msafiri aliyepanda basi Segera, wilayani Handeni, au Korogwe mjini, akapita Mombo, Same na Moshi, alipofika mwisho wa safari alishukia karibu na ukuta wa uwanja huo. Kwa wasafiri wengi Sheikh Amri Abeid ni jina la mahali pa kushukia kuliko jina la mtu.

Uwanja huo unamilikiwa na Chama cha Mapinduzi kama viwanja vingi vya mikoani. Umekuwa ukitumika kwa soka, riadha, sherehe za kitaifa na mikutano ya hadhara. Miongoni mwa timu zilizoutumia ni JKT Oljoro, iliyocheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2011/12.

Kuna jambo dogo kuhusu tahajia. Jina Abedi lina mizani tatu: a-be-di. Abeid, likitamkwa na Mswahili anayeongeza irabu mwishoni, huwa na mizani nne. Kwa mtu mwingine tofauti hiyo isingekuwa kitu. Kwa mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi, mizani moja iliyozidi ilitosha kuliharibu shairi.

Kilimanjaro Bowl ya 2011

Tarehe 21 Mei 2011, siku ya Jumamosi, uwanja huo ulipokea mchezo ambao Watanzania wengi walikuwa hawajauona isipokuwa katika filamu. Chuo Kikuu cha Drake cha Des Moines, jimbo la Iowa, kilipambana na timu ya wachezaji teule wa CONADEIP, shirikisho la michezo la vyuo binafsi vya Meksiko. Mchezo uliitwa Global Kilimanjaro Bowl.

Bowl ni neno la Kiingereza lenye maana ya bakuli. Lilianza kutumika kwa michezo ya aina hii kwa sababu ya umbo la viwanja, hasa Rose Bowl wa Pasadena, California, uliofunguliwa mwaka 1922. Baadaye neno lilihama kutoka kwenye uwanja likawa jina la mchezo wenyewe: pambano moja linalochezwa baada ya msimu wa kawaida kwisha, timu zikialikwa kama zawadi ya kufanya vizuri. Vyuo vikubwa vina bowl zenye fedha nyingi na watazamaji mamilioni kwenye televisheni. Vyuo vidogo navyo vina zake. Mashuhuri kati ya hizo ni Stagg Bowl, ambao tangu mwaka 1973 huamua ubingwa wa vyuo vya daraja la tatu, ambavyo havitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Nao umepewa jina la mtu, kocha Amos Alonzo Stagg, aliyezaliwa mwaka 1862 na kufariki mwaka 1965, miezi michache tu baada ya Amri Abedi, akiwa ameishi zaidi ya mara mbili na nusu ya umri wa Sheikh.

Drake si chuo cha daraja la tatu, lakini katika mpira wa Kimarekani hucheza kwenye ligi ambayo vyuo vyake havilipii wachezaji masomo kwa sababu ya mchezo. Waliokuja Arusha walikuwa wanafunzi wa kawaida. Mchezo wenyewe haukuwa wa ubingwa. Ulichezwa mwezi Mei, miezi kadhaa baada ya msimu wa Marekani ambao huanza Septemba, na ulikuwa sehemu ya safari ndefu. Wachezaji walifanya kazi za kujitolea kwa jamii, waliwaonyesha watoto jinsi ya kuushika na kuurusha mpira, na baada ya mechi walipanda Mlima Kilimanjaro.

Haikuwa mara ya kwanza kabisa kwa mchezo huo kuonekana barani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1944, wanajeshi wa Marekani walicheza baina yao huko Oran, Algeria. Kwa timu ya chuo, hata hivyo, Arusha ilikuwa ya kwanza.

Uwanja wa mpira wa Kimarekani una urefu wa yadi 120 pamoja na maeneo ya kufungia, karibu mita 110, na upana wa mita 49 hivi. Unakaribiana na uwanja wa soka kwa urefu, lakini ni mwembamba zaidi, na unahitaji mistari mingi ya kupima yadi. Kila upande una wachezaji 11 kama soka. Hapo ndipo mfanano unapoishia. Mpira umechongoka pande zote mbili. Hubebwa mikononi au kurushwa, na hupigwa kwa mguu mara chache. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10; ikifaulu inapata mengine manne, ikishindwa inampa mpinzani. Kuufikisha mpira eneo la mwisho ni alama sita, na mkwaju unaofuata huongeza moja. Mkwaju wa kupitisha mpira kati ya nguzo wakati wa mchezo ni alama tatu.

Watazamaji zaidi ya 10,000 walihudhuria. Kwao tatizo halikuwa kanuni tu. Lilikuwa pia maneno. Soka ilikuwa na karibu karne nzima ya kujitafutia Kiswahili chake, na mtangazaji wa redio hutaja goli, kona, penalti, kipa na refa bila mtu kufikiri kwamba maneno hayo yalitoka ugenini. Mchezo huu ulifika Arusha mchana mmoja ukiwa na istilahi zake zote za Kiingereza, na hapakuwa na kamusi. Aliyetaka kumweleza jirani yake kinachoendelea ilimbidi abuni maneno papo hapo, kama mahakimu wa mwanzo walivyofanya mwaka 1964 kabla istilahi hazijasanifishwa.

Drake ilishinda kwa alama 17 dhidi ya 7. Katika kumbukumbu za mchezo huo jina la uwanja limeandikwa Sheikh Amri Abeid, kwa mizani nne.